Usianze na Mota

Wasee, leo naandika badala ya kurekodi. Nikisimama mbele ya kamera huwa naanza kuigiza hata bila kujua, na hii sitaki kuigiza. Ni kuhusu kagari kangu ka rimoti, kale mnakajua, na pia ni kuhusu uongo niliowaambia mwaka jana. Najua ni vitu viwili tofauti kabisa. Lakini bila hako kagari sidhani ningefika kwa huo uongo, kwa hivyo vumilieni kidogo tupitie kwa mota na gia kwanza.

Kwa wale wageni: ni pikapu ya kipimo cha 1 kwa 16. Yaani chukua pikapu halisi ya mita 5, punguza kila kitu mara 16, unabaki na kitu cha sentimita 31 hivi. Magurudumu yote manne yanavuta. Ekseli zote mbili ni ngumu, na gurudumu la kushoto na la kulia yanazunguka pamoja kila wakati. Kwa lami hiyo ni shida, gari linakataa kukata kona vizuri. Kwa mawe ni baraka, kwa sababu gurudumu moja likining'inia hewani, lile lingine bado linasukuma.

Mtu akikaona mara ya kwanza huuliza, "Kanakimbia aje?" Hakakimbii. Kazi yake ni kupanda mawe polepole, kama mbuzi. Kuna nchi watu wana mashindano rasmi ya magari kama haya. Wanapanga vijiti viwili viwili kati ya mawe kama mageti, unapitisha gari lako katikati, na ukigusa kijiti unaongezewa pointi za adhabu. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Ni mchezo wa watu wenye subira, na mimi subira sikuwa nayo.

Nilikanunua Desemba kwa shilingi 5,200, pesa ya tangazo langu la kwanza. Wiki mbili za kwanza kalipanda kila kitu kwa nyumba. Kalipanda viatu, mito ya kochi, rundo la vitabu vyangu vya chuo. Mathe aliniangalia siku moja akauliza kama bado niko nasari. Halafu nikakapeleka kwa machimbo ya mawe huko Njiru, Jumapili wakati hakuna kazi. (Ukienda pale, kaa mbali na ukingo na mbali na yale mashimo yenye maji. Kagari utanunua kengine.) Kuna jiwe moja pale limekaa kama kochi, lina mgongo na mahali pa kukalia. Kagari kakafika kwa mgongo, kakajaribu, kakaanguka chali.

Mnakumbuka nilivyoahidi kwa video kwamba kabla ya Pasaka tutapanda lile kochi. Komenti zilikuwa kama 60, na karibu zote zilisema kitu kimoja: weka mota kubwa.

Nikaweka mota kubwa.

Hapo ndipo nataka kuongea na mtu yeyote mwenye kagari kama hako. Mota ni kitu cha kwanza kila mtu hufikiria, kwa sababu ndiyo inasikika. Ukibadilisha mota, unasikia tofauti siku hiyo hiyo. Nilitafuta ya saizi ya 370, nikalipa 850, nikaifunga usiku, nikarekodi mlio wake, mkaipenda sana. Siku iliyofuata kwa machimbo, dakika ya pili, nikasikia trrrrr. Mota inazunguka, magurudumu yametulia. Nilipofungua giaboksi nikapata meno ya gia ya plastiki yamenyolewa kama nywele.

Sawa. Nikaagiza gia za chuma, 1,300, nikangoja wiki tatu. Zikafika, nikafunga. Sasa gia ziko imara, kwa hivyo kikavunjika kile kinachofuata, propela ya nyuma, ile fimbo inayotoa mzunguko kwa giaboksi hadi kwa ekseli. Ilijisokota kama chapati ikakatika. Propela za chuma, 900. Sasa propela ziko imara. Magurudumu yakakwama kati ya mawe mawili, mimi nikashikilia rimoti nikisema "twende, twende", na bodi ya umeme ikatoa moshi. Mota iliyokwama ndiyo hula umeme mwingi kuliko wakati wowote mwingine, na ile bodi ilitengenezewa mota ndogo. Bodi mpya, 1,900. Na hapo nikagundua kitu kingine: servo ya usukani iliyokuja na gari ilikuwa na waya tano, bodi mpya inataka waya tatu. Servo mpya, 1,100.

Piga hesabu. 850, 1,300, 900, 1,900, 1,100. Hiyo ni 6,050. Nimetumia pesa nyingi kuliko bei ya gari lenyewe, na kochi la Njiru bado halijapandwa. Hakuna siku niliuliza kwa nini kagari kanaanguka. Niliuliza tu ni nini kimevunjika leo.

Swali hilo liliulizwa na dogo.

Dogo ni jirani yangu, mlango wa tatu kwa ploti yetu. Alimaliza Form Four. Mmemwona kwa video, ule mkono unaoshikilia tochi ni wake. Haongei sana. Siku moja kwa machimbo nilikuwa nimekasirika, nasema hii mota ni feki, nahitaji kubwa zaidi. Yeye alikuwa amechuchumaa kando ya jiwe. Akasema, "Braza, hii si shida ya nguvu. Magurudumu hayajasimama hata mara moja. Kanasukuma hadi mwisho, halafu kanageuka chali. Kanaanguka kwa sababu ya uzito."

Nilimwambia ashikilie tochi. Ilikuwa saa nane mchana.

Usiku nikacheki video polepole. Alikuwa sahihi. Kila mara mambo yalikuwa yale yale: magurudumu ya mbele yanainuka, ya nyuma bado yanasukuma, na kagari kanajipindua kenyewe. Mota kubwa ilikuwa inakasaidia kuanguka haraka zaidi. Nikamtumia dogo ujumbe: "Uko sahihi. Kuja kesho na daftari."

Kesho yake tulianza upya, na sheria ya daftari aliitunga yeye. Tunabadilisha kitu kimoja tu. Tunajaribu mara tano kwa jiwe lile lile. Tunaandika. Kama hakuna tofauti, tunarudisha kilivyokuwa. Mimi nilikuwa nabadilisha vitu vitatu kwa usiku mmoja, halafu kagari kakifanya vizuri au vibaya sijui ni kwa sababu gani.

Kitu cha kwanza ilikuwa kupima. Mathe hupika mandazi za kuuza asubuhi, ana mizani ya dijitali ya jikoni. Unaweka magurudumu ya mbele juu ya mizani, ya nyuma juu ya vitabu vilivyolingana urefu na mizani, unasoma. Halafu unageuza. Mbele gramu 380, nyuma gramu 440. Gari la kupanda mlima lilikuwa na uzito mwingi nyuma! Betri ilikuwa imewekwa karibu juu ya ekseli ya nyuma, na nimejaza kifusi cha plastiki kwa kitanda cha pikapu ndiyo ipendeze kwa kamera.

Fikiria hivi. Gari likiwa limeelekea juu, chora mstari kutoka katikati ya uzito wake kwenda chini moja kwa moja. Mstari huo ukiangukia kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, gari linakaa. Ukipita nyuma ya magurudumu ya nyuma, gari linaanguka chali, hata kama lina mota ya lori. Kwa hivyo unataka uzito uwe mbele, na uwe chini. Watu wengi wa mchezo huu hulenga kama asilimia 60 mbele na 40 nyuma.

Tulihamisha betri kwanza. Ina gramu 70, tukaifunga mbele, chini kabisa, kwa kamba ya plastiki. Tukapima: 450 mbele, 370 nyuma. Tukaenda kwa machimbo, mara tano. Mara mbili kalifika karibu na juu. Gharama, sufuri.

Halafu vipande vya kubalansi tairi. Pale mafundi wa tairi wanatumia vile vipande vidogo vya chuma vyenye gundi nyuma, vya gramu 5. Fundi mmoja karibu na stendi alitupatia mkono mzima kwa 100. Akauliza ni vya gari gani, dogo akamwonyesha kagari, akacheka mpaka akakaa chini. Tuliweka vipande sita ndani ya kila rimu ya mbele, hiyo ni gramu 60, na nane juu ya ekseli ya mbele, gramu 40. Uzito ukiwa kwa gurudumu au kwa ekseli uko chini sana, haubebwi na springi. Ukiuweka kwa paa unaharibu kila kitu. Tukapima tena: 550 mbele, 370 nyuma. Jumla 920. Dogo akapiga hesabu kwa daftari, asilimia 59.8, akaichorea mstari mara mbili.

Tatu, springi. Zile zilizokuja na gari zilikuwa ngumu sana. Jaribio ni rahisi: weka gurudumu moja la mbele juu ya kitabu kinene. Kama yale mengine matatu yanabaki chini, springi zako ni sawa. Kama moja linainuka hewani, gari lako ni kama stuli yenye miguu mibovu. Letu lilikuwa stuli. Tulitoa springi nne kwa biro, tukazikata kwa urefu. Biro nne, shilingi 80, na bado tulibaki na wino.

Nne, tairi. Mpira mgumu unateleza, lakini kabla ya kununua zingine tuliangalia sponji ya ndani. Ilikuwa imejaa sana, tairi haiwezi kubonyea ikashika jiwe. Tukapunguza sponji kidogo kwa makasi, mbele tu. Hiyo ilitusaidia kuliko nilivyotarajia.

Mengine ni ya haraka. Skrubu zinazoingia kwa chuma, weka gundi ya skrubu, la sivyo zitalegea kwa mtikisiko. Zinazoingia kwa plastiki usiweke, inaweza kupasua plastiki. Grisi kwa gia ni kidogo tu, ikizidi inabeba vumbi na kuwa kama msasa. Na betri za lithiamu si mchezo. Ya seli mbili ikijaa ni volti 8.4, na usiiache ishuke chini ya volti 6 na kitu. Usiichaji ukiwa umelala. Ikivimba, achana nayo, usijaribu kuitoboa.

Jambo la tano ndilo lilinichoma. Dogo akasema, "Sasa rudisha mota ya kwanza."

Nilikataa. Nimelipa 850! Mlio wake ndio mnaujua. Lakini sheria ni sheria, kitu kimoja kwa wakati. Zile gia za chuma nilizonunua zilikuwa za mwendo wa polepole zaidi kuliko zile za plastiki, kwa hivyo hata mota ndogo sasa ingekuwa na nguvu ya kutosha kwa magurudumu. Nikairudisha ile ndogo iliyokuja na gari. Haina kelele. Unasikia tu mzzz kama mbu.

Jumamosi kabla ya Pasaka, kagari kakapanda kochi. Polepole. Mbele kakashika, nyuma kakasukuma, kakasimama kidogo katikati kama kanafikiria, kakaendelea. Tulipima mgongo wa jiwe kwa simu: digrii 41. Tukarudia mara tano, kakapanda mara nne. Ile video mliiona, na wengi mliuliza kwa nini sikupiga kelele kama kawaida. Sababu ni kitu kilichotokea dakika kumi baadaye, kabla sijaweka sauti.

Tulikaa juu ya lile jiwe tukila mayai boilo na kachumbari. Dogo akasema, bila kuniangalia, kwamba amepata nafasi ya chuo kupitia KUCCPS. Amepata uhandisi wa mitambo. Nikamrukia, nikamwambia hongera, hiyo ni noma sana. Akasema, "Lakini siendi."

Nikauliza kwa nini.

"Kwa sababu yako. Wewe uliacha na uko sawa. Nitafanya kontenti pia, ama tufanye pamoja. Ile video yako ya kuacha chuo, nimeiangalia labda mara ishirini."

Halafu akaanza kuisema. Aliijua kwa kichwa. "Karo ilinishinda. Chuo kikanifungia mlango. Na hiyo ndiyo siku niliyokuwa huru." Aliisema hata na ule mkono ninaoupiga kifuani mwishoni.

Wasee, ile ndiyo video yangu yenye watazamaji wengi kuliko zote. Ndiyo iliniletea lile tangazo, na pesa ya tangazo ndiyo ilinunua kagari. Na nikiwa nimekaa pale juu ya jiwe na yai mkononi, nikajua kwamba huyu dogo ambaye hakubali hata gramu 5 bila kuipima, amekubali maisha yangu bila kupima chochote, kwa sababu mimi ndiye niliyempa vipimo.

Sasa nitawaambia nilichomwambia yeye.

Karo haikunishinda. HELB iliingia. Mathe aliongeza 18,000 mwanzo wa mwaka wa pili, pesa aliyokopa kwa chama. Kilichovunjika kwanza hakikuwa pesa. Mwaka wa kwanza muhula wa pili nilifeli masomo mawili, hesabu na mizunguko ya umeme. Nilifeli kwa sababu nilikuwa silali, nilikuwa narekodi, na nilidhani nitasoma wiki ya mwisho kama nilivyofanya Form Four. Ilibidi niyarudie na wale wa mwaka wa kwanza. Niliingia darasa hilo siku moja, nikaketi nyuma, msichana mmoja akaniuliza kama mimi ndiye mwalimu msaidizi. Niliona aibu, nikatoka. Sikurudi.

Ile 18,000 ilikaa kwa simu yangu wiki tatu. Halafu ikawa simu nyingine, yenye kamera nzuri. Muhula ulipoisha, mfumo wa chuo ukaonyesha nina deni la karo. Ni kweli nilikuwa na deni, maana sikulipa. Nikapiga picha ya lile deni, nikaiweka kwa video, nikapiga kifua. Hakuna mtu angeweza kusema nadanganya, nambari ilikuwa pale kwa skrini.

Ni kama kushikilia ile gia ya plastiki iliyonyolewa meno na kusema, angalieni, hii ndiyo shida. Gia kweli ilikuwa imevunjika, lakini si gia iliyokuwa inaangusha gari.

Na kuna watu wako nyumbani leo kwa sababu ya karo ya kweli. Wamekaa na barua kwa droo, wazazi wameuza kilichouzika na hakikutosha. Baadhi yenu mliniandikia, mkaniambia hadithi yangu ni kama yenu, mkanipa moyo. Niliwajibu kwa emoji za moyo. Hiyo ndiyo inanisumbua kuliko kitu kingine chochote. Samahani. Hadithi ilikuwa yenu, nikaitumia kupata watazamaji.

Kuhusu kuwa "huru": mwezi uliopita niliingiza 14,300. Mwezi uliotangulia, 3,100. Naishi kwa mathe. Silipi nyumba, nalipa intaneti tu na tokeni za stima wakati mwingine. Sisemi hii kujidharau. Napenda kazi yangu, na naamini itakua. Lakini mtu anayefikiria kuacha chuo kwa sababu yangu anafaa kuona nambari zote mbili, ya mbele na ya nyuma.

Dogo alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza, "Kwa hivyo ile video ni ya uongo?"

"Nusu."

"Nusu gani?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia kwamba kila sentensi ina kitu cha kweli ndani, lakini sababu nimezibadilisha. Akatikisa kichwa, akaanza kutoa mchanga kwa ekseli ya nyuma kwa kijiti. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumuuliza.

Usiku huo nikamwambia mathe. Nilimpata anakanda unga wa mandazi za kesho. Niliongea haraka, nikaeleza yote, masomo, aibu, simu. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Zote elfu kumi na nane?"

"Ndiyo, mama."

"Hizo za chama nililipa na riba."

Akaendelea kukanda. Nikadhani imeisha. Kisha akasema, "Utarudisha. Na usinirudishie kwa maneno." Tumekubaliana 1,500 kila mwezi kwa miezi 12. Riba amesema atanisamehe nikimaliza bila kuchelewa hata mara moja. Mwezi huu ni wa pili. Ile mota ya 370 niliiuza kwa 500, ikaingia kwa malipo ya kwanza.

Ile video nimeitoa. Najua wengine mtasema ningeiacha na kuweka maelezo chini. Nilifikiria hivyo, lakini watu hawasomi maelezo, wanaangalia mkono ukipiga kifua.

Sasa, sisemi kila mtu lazima aende chuo. Najua mafundi ambao hawakuona mlango wa chuo na wanajua vyuma kuliko walimu wangu. Najua pia wasee wenye digrii wanaouza laini za simu. Kama umepima, ukaona chuo si chako, acha, na useme umeacha kwa sababu gani. Ninachokataa ni kuacha kwa sababu ya video ya mtu, hasa yangu.

Dogo hajaniambia ataamua nini, na ameomba nisimuulize kila siku. Lakini wiki iliyopita alikuja kuchukua noti zangu za mizunguko ya umeme, zile nilizofeli nazo. Alinirudishia ukurasa mmoja juzi akaniambia nimeandika swali la tatu vibaya, nimejumlisha vizuizi vilivyo sambamba kana kwamba vimefuatana. Nikaangalia. Kweli. Miaka miwili nilikuwa nasema yule mwalimu alininyima alama. Pia ameniuliza kama naweza kumsindikiza kuulizia mambo ya fomu ya HELB. Nimesema ndiyo. Hiyo tu ndiyo najua.

Kwa wenye magari: kama una 2,000 tu, fuata hii njia. Pima mbele na nyuma. Hamisha betri. Ondoa mapambo ya juu. Weka vipande vya tairi chini, mbele. Legeza springi. Angalia sponji ya tairi. Halafu servo, kama magurudumu yanakataa kugeuka yakibanwa na jiwe. Halafu gia. Mota iwe ya mwisho, na wengi wenu mkifika hapo mtapata hamuihitaji tena. Badilisha kitu kimoja kwa wakati na uandike kwa karatasi, si kwa kichwa.

Jumapili ijayo tuko Njiru tena. Kuna jiwe lingine nyuma ya lile kochi, dogo amelipima digrii 46, na anasema kwa vile tulivyo sasa hatuliwezi. Nitarekodi yote, hata tukianguka.